Je, Kila Injini Lazima Iwe na Pistoni? Hoja juu ya Kufundisha Mashine

Makala haya yamekusudiwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha sayansi katika shule za msingi. Hoja yetu ni kwamba mashine haifundishwi kwa kukaririsha majina ya sehemu zake, bali kwa kumwekea mwanafunzi mbele yake tatizo ambalo mashine hiyo iliundwa ili ilitatue. Tutaifafanua hoja hiyo kwa mfano ambao kwa baadhi yenu utaonekana wa mbali, nao ni kazi ya kutoa injini ya pistoni katika gari la zamani la mashindano na kutia mahali pake injini ya rota. Lakini kabla ya kuufikia mfano huo, hatuna budi kueleza kisa kilichotufanya tushike kalamu.

Kisa cha darasani

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la saba, fomu ya tathmini ikiwa mapajani. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vyema. Andalio lake la somo lilikuwa nadhifu, picha ya injini aliichora mwenyewe kwa rangi tatu, na sauti yake ilifika hadi ukuta wa nyuma. Wanafunzi waliitikia kwa pamoja hatua nne za injini: kuvuta, kugandamiza, kuwaka, kutoa. Waliitikia mara tano, na kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la tatu akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama kazi ya injini ni kuzungusha magurudumu, kwa nini pistoni inapanda na kushuka? Kwa nini isizunguke tangu mwanzo?"

Mwalimu akajibu: "Haiwezekani. Kila injini ya gari lazima iwe na pistoni. Kaa chini."

Wenzake wachache walicheka. Msichana akaketi, na mkono wake hakuunyosha tena hadi kengele ilipolia.

Sisi tulijua kwamba jibu lile halikuwa la kweli. Hata hivyo tuliandika katika fomu kwamba mwalimu analimudu darasa, kwamba zana zake zinafaa, na kwamba muda ameugawa vizuri. Tukampa alama ya juu. Tulipoketi naye baadaye chini ya mwembe tukamweleza kosa lake, alisikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza: "Mkufunzi, kama nilikosea, mbona mmenipa alama nzuri?"

Hatukuwa na jibu. Kosa halikuwa la mwanachuo peke yake. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya ubao, nafasi ya zana, nafasi ya mavazi na nafasi ya sauti, lakini haikuwa na nafasi ya swali la mwanafunzi. Naye alitufanyia yale ambayo fomu iliyahesabu.

Swali lile lilikwisha kuulizwa

Msichana yule hakujua kwamba swali lake lilimshughulisha mtu mmoja kwa karibu miaka thelathini. Felix Wankel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1902 katika mji wa Lahr, hakusoma chuo kikuu. Katika ujana wake alifanya kazi ya uuzaji wa vitabu huko Heidelberg. Yeye naye aliona kwamba pistoni hutupwa juu, husimama, hurudishwa chini, husimama tena, na kwamba mwendo huo wa kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa mzunguko kwa msaada wa krenki tu. Alipata hataza yake ya kwanza mwaka 1929. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi iliwashwa mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU, mjini Neckarsulm. Baadaye mhandisi wa kiwanda hicho, Hanns Dieter Paschke, aliirahisisha kwa kuifanya nyumba ya nje isizunguke tena, akaacha rota peke yake izunguke ndani. Mwaka 1964 NSU ilitoa gari dogo la Spider, la kwanza kuuzwa likiwa na injini hiyo.

Rota ni kipande cha chuma chenye umbo la pembetatu ambayo pande zake zimetuna kidogo. Huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo linalokaribia tarakimu 8 iliyonona kiunoni. Ncha tatu za rota hugusa ukuta wa nyumba wakati wote, kwa hiyo kati ya rota na ukuta hubaki vyumba vitatu. Rota inapozunguka, kila chumba hupanuka na kusinyaa. Kinapopanuka huvuta hewa na petroli; kinaposinyaa hugandamiza; plagi huwasha, na mlipuko huisukuma rota; kisha chumba husinyaa tena na kutoa moshi. Basi hatua nne walizoziimba wale wanafunzi zipo zote, ila pistoni haipo, wala valvu hazipo.

Wanachuo wayatazame maneno hayo ya mwisho kwa makini. Mwalimu yule alifundisha hatua nne akadhani amefundisha pistoni. Alichanganya kazi ya mashine na chombo kinachoitenda kazi hiyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kazi anaweza kukitambua chombo kipya atakapokutana nacho. Aliyefundishwa chombo tu atakikana, kama alivyokikana mwalimu wake.

Si haki kueleza sifa za injini hii na kuficha aibu zake. Ugumu wake mkubwa ulikuwa katika vile vizibo vidogo vya nchani mwa rota, ambavyo hunyimwa raha maisha yao yote. NSU ilitoa gari la Ro 80 mwaka 1967, gari lililosifiwa sana, lakini injini za miaka ya mwanzo ziliharibika mapema kwa sababu ya vizibo, na gharama za kuzibadilisha zikaielemea kampuni. Huko Hiroshima, Japani, wahandisi 47 wa Mazda wakiongozwa na Kenichi Yamamoto walikuta mikwaruzo kama mawimbi katika kuta za ndani, wakaiita makucha ya shetani. Baada ya majaribio mengi walitumia vizibo vya kaboni iliyotiwa aluminiamu, na mwaka 1967 gari lao la Cosmo likauzwa. Mwaka 1991 gari la Mazda 787B, lenye rota nne, lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Pamoja na hayo, injini hii hunywa petroli nyingi, kwa kuwa chumba chake cha kuwakia ni kirefu na chembamba, na sehemu ya mchanganyiko hutoka bila kuungua vizuri. Mazda iliacha kutengeneza gari la RX-8 mwaka 2012, na ilipoirudisha rota mwaka 2023 ilikuwa kwa kazi ya kuzalisha umeme ndani ya gari.

Injini mpya katika gari la zamani

Sasa tuufikie mfano wetu. Katika nchi kama Uingereza, Marekani na Australia wapo watu wanaochukua magari madogo ya zamani, wakayatengeneza kwa ajili ya kukimbizwa katika viwanja vya mashindano. Mojawapo ya magari hayo ni MG Midget, gari la watu wawili lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kati ya mwaka 1961 na 1979. Lile la injini ya cc 1,275 lilikuwa na takriban nguvu za farasi 65, na uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 700. Baadhi ya mafundi hutoa injini hiyo na kutia ya rota kutoka gari la Mazda RX-7. Injini ya aina ya 13B iliyouzwa Marekani mwaka 1984 ilikuwa na nguvu za farasi 135.

Sababu ya kuichagua ni dhahiri. Injini ya rota ni fupi, kwa hiyo inaweza kurudishwa nyuma karibu na dereva, na uzito wa gari ukagawanyika vizuri kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ina sehemu chache zinazotembea. Huzunguka kwa kasi kubwa bila mtetemo mwingi, na katika uwanja wa mashindano, ambako dereva hashuki mwendo sana, udhaifu wake katika mizunguko ya chini haudhuru kama unavyodhuru mjini.

Lakini fundi anayedhani kazi imekwisha pale injini mpya ilipokaa juu ya vikalio vyake amejidanganya. Giaboksi ya zamani ilichaguliwa kwa nguvu za farasi 65. Haitastahimili maradufu ya hizo. Akitia giaboksi ya Mazda, hana budi kukata mfereji wa katikati ya sakafu na kutengeneza propela ya urefu mwingine. Ekseli za nyuma, ambazo hata zamani hazikusifiwa kwa uimara, sasa zinabebeshwa mzigo ambao hazikuahidiwa. Rejeta ndogo haitoshi, kwa maana upande mmoja wa nyumba ya rota huwaka mfululizo wala haupozwi na hewa mpya kama inavyopozwa silinda. Tena oili nayo inahitaji kipozeo chake. Ekzosi hutoa moshi wa moto mkali na kelele nyingi. Baadhi ya oili lazima iingie katika chumba cha kuwakia ili vizibo vya nchani visikauke. Hata sikio la dereva halina budi kufundishwa upya: injini hii haigugumii inapozidishiwa mizunguko, na ndiyo maana RX-7 za kwanza zilitiwa king'ora cha kumwonya dereva.

Hatimaye kuna breki. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari lililokuwa likifika kwenye kona kwa kilomita 100 kwa saa, likifika sasa kwa kilomita 140, breki zake zinatakiwa kumeza karibu nishati mara mbili. Fundi aliyeongeza mwendo bila kuongeza uwezo wa kusimama ameandaa ajali.

Kwa nini tunaliona tatizo hili kuwa somo zuri? Kwa sababu halina jibu la kukariri. Kila jibu huzaa swali: ukibadilisha hiki, ni kipi kingine kitabadilika? Mtoto aliyezoea swali hilo ataulizia vivyo hivyo habari za pampu ya maji ya kijiji, za mashine ya kusaga, na za mwili wake mwenyewe.

Namna ya kulifundisha

Hatuwashauri mtafute injini ya rota. Hamtaipata, wala hamuihitaji. Tunashauri hatua nne, ambazo zinaweza kugawanywa katika vipindi vitatu au vinne.

Hatua ya kwanza ni swali. Mwalimu achore pistoni ubaoni, aeleze kazi yake, kisha aulize mwenyewe lile swali la msichana wetu. Awape wanafunzi muda wa kuchora mawazo yao katika makundi. Michoro mingi itakuwa na makosa. Isifutwe, kila kundi lieleze hewa itaingilia wapi na moshi utatokea wapi.

Hatua ya pili ni kuunda mfano kwa maboksi. Katika kipande kinene cha boksi kata pembetatu yenye pande sawa, ambayo kila ncha yake iko sentimita 14 kutoka katikati. Pande zake zitunishwe kidogo. Katikati yake toboa tundu la duara lenye nusukipenyo cha sentimita 6. Kata kisahani cha duara chenye nusukipenyo cha sentimita 4, ukibandike imara juu ya karatasi kubwa. Kwa kipimapembe gawa mzingo wa kisahani sehemu 12 sawa, na mzingo wa tundu sehemu 18 sawa. Weka tundu juu ya kisahani hata ukingo wake uguse, kisha ulibiringishe polepole, alama moja ikutane na alama moja bila kuteleza. Mwanafunzi mmoja aweke penseli kwenye ncha moja na kuifuata. Penseli itachora lile umbo la nyumba ya rota, lenye urefu wa sentimita 32 na upana wa sentimita 24. Tumejaribu zoezi hili na wanachuo wetu. Mara ya kwanza maboksi yalikuwa membamba, tundu likateleza, na umbo likatoka kama kiazi. Mara ya pili tulibandika maboksi mawili pamoja, likatoka sawasawa, na wanachuo wakaona kwa macho yao kile ambacho maelezo yetu yalishindwa kuwaonyesha.

Hatua ya tatu ni hesabu. Alama 12 na 18 ni uwiano wa 2 kwa 3, na uwiano huo ndio uliomo katika meno ya gia za injini yenyewe. Wanafunzi watafute: kitovu cha rota kikizunguka kisahani mara tatu, rota yenyewe huzunguka mara ngapi? Watakuta mara moja. Kisha wahesabu uzito unaobebwa na kila nguvu moja ya farasi: kilo 700 zikigawanywa kwa 65, halafu kwa 135. Mwisho wapewe fumbo hili. Kila chumba cha injini ya 13B kina cc 654, na rota ni mbili. Injini ina ukubwa gani? Anayehesabu mzunguko mmoja wa shafti atapata cc 1,308. Anayehesabu mizunguko miwili, kama ilivyo desturi ya injini ya pistoni yenye hatua nne, atapata cc 2,616. Anayehesabu mpaka vyumba vyote viwe vimekwisha kufanya kazi atapata cc 3,924. Wote watatu wamehesabu sawasawa. Mwalimu asikimbilie kutia alama ya vema au kosa. Aulize kila mmoja alikuwa akihesabu nini. Hapo mtoto atajifunza kwamba tarakimu bila maelezo ya kipimo chake haisemi kitu.

Hatua ya nne ni mjadala. Je, ni halali kulikata gari la zamani ambalo halitengenezwi tena? Kundi moja litetee kuhifadhi, jingine litetee kutumia. Wapo mafundi wanaofuata njia ya kati: huitunza injini ya asili ghalani, na hujitahidi wasikate kitu kisichoweza kurudishwa. Mjadala huu hauhitaji vifaa vyovyote, nao humfundisha mtoto kwamba ufundi hauachani na uamuzi wa mema na mabaya.

Pingamizi

Tunajua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba mtihani hauulizi habari za rota. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza uwiano, duara, kipeo, nishati na joto, na yote hayo yamo humu. Pili, kwamba darasa lina wanafunzi themanini. Hili ni zito, wala hatulipuuzi. Katika darasa la namna hiyo mfano mmoja mkubwa uwekwe mbele, makundi yapokezane, na wengine wafanye hesabu wakati huo. Tatu, kwamba mwalimu mwenyewe haijui injini hii. Pingamizi hili ndilo linalotugusa zaidi, kwa kuwa ndilo lililomfanya mwanachuo wetu aseme "haiwezekani". Aliogopa kusema "sijui" mbele ya darasa na mbele ya fomu yetu.

Tunasema kwa uwazi: mwalimu anayesema "sijui, nitatafuta, nawe utafute, tukutane Alhamisi" hajaipoteza heshima yake, mradi Alhamisi ikifika awe na la kusema. Atakayeipoteza ni yule ambaye mtoto atakuja kugundua baada ya miaka kumi kwamba alimdanganya ili amnyamazishe.

Nasi wakufunzi tuna deni. Hatuwezi kumtaka mwanachuo athamini maswali huku tukimpa alama kwa ukimya wa darasa. Katika fomu tunayoitumia sasa tumeongeza mstari mmoja kwa kalamu: ni swali gani wanafunzi waliuliza, na mwalimu alilifanyia nini? Mstari huo haujaidhinishwa na mtu yeyote. Tunauandika wenyewe kila tunapokwenda shuleni. Wakufunzi wenzetu wakiona unafaa, nao wauandike.

Mwanachuo yule alirudi katika darasa lile juma lililofuata, bila kutumwa. Alichukua maboksi, gundi na kisahani. Alimwita msichana wa dawati la tatu mbele, akamwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu la mwalimu lilikuwa na kosa, kisha akampa penseli. Safari hiyo hatukuwa na fomu; tulikuwa tumeshika kona ya karatasi isisogee.